Kujifunza Kupiga Nanga

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi mtu anavyojifunza kupiga nanga. Wavuvi wa Mwamgongo wasidhani kuwa twasema juu ya kile chuma kizuiacho mtumbwi usichukuliwe na maji. Hii ni nanga ya ngoma na nyimbo, ambayo Warundi huiita inanga, na Wahaya wa Bukoba enanga. Ni ndugu wa kinubi, lakini si kinubi hasa. Maana nyuzi za kinubi huinuka kutoka tumbo la chombo, kama zile 21 za kora ya Wamandinka wa Gambia na Mali, bali nyuzi za nanga zimelala juu ya ubao.

Ubao huo huchongwa katika gogo moja, ukachimbwa kidogo katikati mfano wa chano kirefu. Urefu wake wapata futi tatu. Juu yake hupitishwa uzi mmoja tu, wa mshipa au utumbo wa ng'ombe, ukienda na kurudi katika pengo zilizokatwa kwenye ncha mbili za ubao, hata zipatikane nyuzi 8 hivi. Siku hizi wengine hutumia nailoni au waya. Na kwa kuwa uzi ni mmoja, kazi ya kwanza ya mwanafunzi yachosha moyo: akikaza upande mmoja, jirani yake huweza kulegea, naye hana budi kurudi nyuma na kuanza tena. Hatujui njia ya mkato.

Nyuzi zikiisha kupatana, vidole vya mikono miwili hufundishwa kurudia mapigo machache bila kukoma, hata mwanafunzi aweze kuyapiga huku akifikiri neno jingine. Hili hupatikana kwa kuketi karibu na mpigaji na kumtazama, wala halikuandikwa kitabuni.

Lakini ugumu wenyewe hauko vidoleni. Warundi, ambao mpaka wao hauko mbali na Mwamgongo upande wa kaskazini, husifika kwa kupiga nanga huku wakinong'ona. Mpigaji haimbi kwa sauti; husimulia habari za wafalme, za vita au za ng'ombe kwa pumzi tupu. Mtu atauliza, mbona hivyo? Basi na tujaribu jambo moja. Weka kidole kooni, useme jina lako kwa sauti. Utasikia koo latetemeka. Sasa linong'one, koo limetulia. Mtetemo huo ndio uipandishao na kuishusha sauti ya mtu, na katika mnong'ono haumo.

Katika Kiswahili hasara yake ni ndogo. Lakini Kirundi, na Kiha pia, ni lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana. Katika Kirundi neno inda laweza kuwa tumbo, tena laweza kuwa chawa. Herufi ni zile zile, ila sauti si moja. (Mgeni aliyejifunza lugha hiyo kwa kitabu tu huchekwa sana.) Basi lile ambalo koo limeliacha, uzi hulichukua: mpigaji hunong'ona neno, na uzi hupanda neno linapopanda na kushuka linaposhuka. Msikilizaji huona kana kwamba ubao wenyewe unasema.

Kwa hiyo kijana wa pwani ya ziwa aliyekulia katika Kiswahili peke yake aweza kupiga nanga vizuri, na mnong'ono wake usifahamike hata kidogo. Twamshauri aanze kwa bibi na babu nyumbani. Achague maneno 10 ya Kiha, ya vitu vya kila siku, awaombe wayatamke polepole. Naye ayafuatishe kwa mluzi, hata wao, wakiusikia mluzi tu, watambue ni neno gani. Hapo ndipo aushike ubao. Wazee wa namna hiyo wanapungua, na baraza za watemi wa Buha, ambamo habari kama hizi zilikuwa na wenyewe, zilikwisha utawala wa watemi ulipoondolewa mwaka 1963.

Tena asipige ufukoni. Sauti ya nanga ni nzito na ya chini, na mawimbi huimeza. Apige ndani usiku, milango ikiwa imefungwa, na wasikilizaji wake wawe watatu au wanne, waketi karibu.