Kosa la Oedipus: Juu ya Kusomesha Tanzia ya Kiyunani katika Shule za Sekondari

Makala haya yanahusu neno moja la Kiyunani na madhara yatokeayo darasani neno hilo linapofasiriwa vibaya. Neno lenyewe ni hamartia, ambalo Aristotle, katika kitabu chake juu ya sanaa ya utunzi, alilitumia kueleza kile kinachomwangusha shujaa wa tanzia. Katika shule zetu za sekondari neno hilo limezoeleka kwa sura ya ‘dosari ya mhusika’, na mwalimu akisha kulitaja huwaagiza wanafunzi waitafute dosari hiyo, kama mtu atafutaye sindano iliyoanguka mkekani. Wakiipata, somo limekwisha. Shujaa alikuwa na kiburi, au hasira, au tamaa. Kwa hiyo aliangamia. Kwa hiyo nasi tujiepushe na kiburi, hasira na tamaa.

Mchezo nitakaoutumia kuwa mfano ni ule wa Sophocles juu ya mfalme Oedipus, ambao Samuel Mushi aliufasiri kwa Kiswahili na kuupa jina la Mfalme Edipode mwaka 1971, miaka mitatu baada ya Makbeth yake. Nimeuchagua kwa kuwa Aristotle mwenyewe aliurejea mara kwa mara kuwa kielelezo, na kwa kuwa ndio mchezo ambao ‘dosari’ hiyo ikitafutwa kwa uaminifu haionekani. Nazungumza na mwalimu aliyeamua kuusoma pamoja na wanafunzi wake kwa wiki tatu au nne, kando ya kitabu kilichowekwa kwa ajili ya mtihani. Swali la kwa nini tuhangaike na Wayunani ilhali tunao watunzi wetu sitalijadili kwa urefu. Ola Rotimi alilijibu kwa vitendo huko Ife mwaka 1968 alipokichukua kisa hichohicho akakipandikiza katika ardhi ya Wayoruba, nacho kikastawi.

Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta dosari huandika kwamba Oedipus aliangamia kwa hasira zake. Ushahidi hakosi. Njiani alimuua mzee aliyempiga kichwani kwa mchokoo. Alimtukana Teiresias, mwaguzi kipofu. Alimtuhumu shemeji yake Creon kwa uhaini bila ya kumsikiliza. Haya yote ni kweli, lakini hayaelezi chochote. Hasira haikumfanya yule mzee awe baba yake. Utabiri ulitolewa kabla mtoto hajazaliwa, na wazazi wake waliujua, ndiyo sababu wakamtoboa miguu na kumtoa akatupwe mlimani. Naye alipokua na kusikia huko Delphi kwamba atamuua babake na kumwoa mamake, alifanya kile ambacho kila mtoto mwema angefanya: aliihama Corinth asirudi tena, akiwaacha wale aliowadhania kuwa wazazi wake. Tena aliyemwoa Jocasta hakuwa Oedipus mwenye hasira, bali Oedipus mwenye akili, aliyekitegua kitendawili cha Sphinx na kuuokoa mji wa Thebes, akapewa ufalme na mjane wa mfalme kuwa shukrani. Kila hatua iliyompeleka shimoni ilikuwa hatua ya mtu mwema au mtu hodari.

E. R. Dodds, aliyekuwa profesa wa Kiyunani huko Oxford, alilalamika juu ya jambo hilihili mwaka 1966 baada ya kusahihisha majibu ya watahiniwa wake. Wako walioandika kwamba Oedipus alistahili yaliyompata, na wako walioandika kwamba alikuwa kikaragosi tu mikononi mwa miungu. Basi ugonjwa huu si wa shule zetu peke yake. Lakini kwetu unauma zaidi, kwa sababu somo la fasihi limefungwa pamoja na somo la maadili, na mwanafunzi huamini kwamba hadithi isiyo na mkosaji haina funzo, na isiyo na funzo haina alama.

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Mchezo unaanza mjini Thebes watu wakifa kwa tauni. Raia wamekuja mbele ya jumba la mfalme na matawi mikononi. Mazao yanakauka, mifugo inakufa, wanawake wanazaa watoto wafu. Athens yenyewe ilikuwa imepigwa na tauni kuanzia mwaka 430 kabla ya Kristo, na wengi hudhani kwamba mchezo ulitungwa miaka michache baadaye. Wanafunzi wetu hawahitaji kuelezwa tauni ni nini. Shule za Kenya zilifungwa mwezi wa Machi 2020 na wengi hawakurudi madarasani hadi Januari 2021. Katika darasa lolote la watu arobaini wapo waliozika mzazi, kwa maradhi hayo au mengine. Tukiwafundisha hao kwamba katika kazi kuu za fasihi anayeteseka ameteseka kwa dosari yake, tumewaambia nini juu ya mama zao? Mtoto hatauliza swali hilo kwa sauti. Ataliandika jibu tulilomfundisha, apate alama zake, aende nalo nyumbani.

Turudi kwenye neno. Hamartia limetokana na kitenzi ambacho maana yake ya awali ni kukosa shabaha, kama mpiga mshale au mrusha mkuki anavyokosa. Baadaye likachukua maana ya kukosea na kutenda isivyo sawa, na katika Agano Jipya likawa neno la kawaida la dhambi. Mwalimu mwenye mazoea ya Biblia huipeleka maana hii ya mwisho nyuma kwa Aristotle, ambaye hakuikusudia. Yeye alisema wazi kwamba shujaa wa namna hiyo haanguki kwa uovu. Kiingereza kilipata taabu kubwa na neno hili kwa kuwa hakina kitenzi kimoja kinachozikusanya maana hizo. Sisi tunacho. Mwindaji amemkosa paa, mtoto amekosa karo, nimekosa, unisamehe. Kukosa ni kutolenga, ni kupungukiwa, na ni kutenda kosa, na mzungumzaji wa Kiswahili hupita kutoka maana moja hadi nyingine bila ya kuhisi kwamba amevuka mpaka. Ni ajabu basi kwamba tuliliacha neno lililolingana na la Kiyunani karibu pande zote, tukaenda kufasiri tafsiri ya Kiingereza tukapata ‘dosari’, yaani doa lililomo katika kitu chenyewe. Oedipus hana doa. Alilenga akakosa: alikusudia kumkimbia babake akamwendea, alikusudia kumsaka muuaji akajikuta anajisaka mwenyewe. Napendekeza tuseme ‘kosa’, na tuwaeleze wanafunzi kwamba ni kosa la mlenga shabaha, si la mshtakiwa.

Neno tanzia nalo lina mtego wake, ingawa sioni haja ya kulibadilisha. Kwa asili ni habari ya kifo, na mpaka leo ndilo neno linalotangulia matangazo ya msiba. Ndiyo sababu wanafunzi huandika kwamba tanzia ni mchezo ambao shujaa hufa mwishoni. Oedipus hafi. Katika Philoctetes, mchezo mwingine wa Sophocles, hafi mtu yeyote. Mwalimu aseme hayo siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza pia asimulie kisa chote kama ngano, mwanzo hadi mwisho, bila ya kuficha kitu. Najua kwamba wengi watapinga, wakisema kwamba ladha itapotea. Lakini hadhira ya Athens ilikuja ikikijua kisa, na mchezo ulijengwa juu ya ujuzi huo. Oedipus anapomlaani muuaji wa Laius, na kuapa kumpigania marehemu kana kwamba alikuwa baba yake mzazi, maneno hayo hayamshtui asiyejua. Kinaya hakiishi katika maneno bali katika umbali uliopo baina ya anachojua msemaji na anachojua msikilizaji. Vitabu vyetu vya kiada vinavyoeleza kwamba kinaya ni kusema kinyume cha unachokusudia vimeeleza kejeli ya kawaida tu. Oedipus husema kile hasa anachokusudia, na ukweli humtoka bila ya yeye kujua.

Kiswahili kina mambo matatu yanayoweza kumsaidia mwalimu katika sehemu hii. La kwanza ni umoja na wingi. Creon anarudi na habari kwamba Laius aliuawa na wanyang'anyi, tena wengi; Oedipus anajibu akimtaja mnyang'anyi mmoja. Baadaye anapoanza kujishuku, tumaini lake lote linaning'inia juu ya hesabu hiyo, maana mmoja hawezi kuwa wengi. Katika lugha yetu tofauti hiyo haikai katika nomino peke yake, bali hutembea katika sentensi nzima: walimvamia, alimvamia, waliokimbia, aliyekimbia. Wanafunzi waambiwe wayapigie mstari viambishi vyote vya umoja na wingi katika mazungumzo hayo. Mara nyingi yupo atakayeuliza mbona yule mtumwa aliyenusurika, anapoletwa mwishowe, haulizwi kamwe kama walikuwa mmoja au wengi. Ni swali zuri sana na lisikimbiliwe kujibiwa. Wakati huo Oedipus amekwisha sahau swali la nani alimuua Laius; anauliza yeye mwenyewe ni mtoto wa nani.

La pili ni njia panda. Laius aliuawa mahali zinapokutana njia tatu, na panda kwetu ni tawi lililogawanyika, kama lile la manati. Kwa hiyo neno letu linaonyesha umbo lenyewe la mahali hapo. Aidha watoto wengi wamelelewa wakijua kwamba njia panda si mahali pa kuchezea, kwa sababu ya makafara na dawa zinazotupwa hapo. Kuna pia neno ajali. Leo twalitumia kwa magari yanayogongana, lakini asili yake ni siku ya mtu iliyokadiriwa, na bado twasema ajali haina kinga. Kilichotokea njia panda kilikuwa ajali kwa maana zote mbili, na mjadala wa nusu saa juu ya neno hilo utawafikisha wanafunzi ndani ya mchezo kuliko mhadhara wowote juu ya imani za Wayunani.

La tatu ni istilahi za ujamaa, nazo zahitaji uangalifu. Kwetu mume humwita mkewe mama fulani, kwa jina la mtoto, au mama tu, kwa heshima. Mwanafunzi anayeigiza Oedipus akimwita Jocasta hivyo kwa mazoea ya nyumbani, darasa litacheka, kisha litanyamaza. Kicheko hicho kisikemewe. Kuoana kwa maharimu ni jambo ambalo vijana hawajui waliweke wapi isipokuwa katika mzaha, na ukimya unaofuata kicheko ndio mlango wa somo. Mwalimu asubiri.

Kuhusu kuigiza sina mengi ya kusema, ila kwamba darasa kubwa si kikwazo katika tanzia ya Kiyunani. Korasi ya Sophocles ilikuwa na watu kumi na watano, wazee wa Thebes. Nusu ya darasa yaweza kuketi kama wazee, wakayasema maneno ya korasi kwa pamoja. Wasidhani kwamba wao ni kiitikio cha wimbo. Wao ni baraza, wana hofu yao na mashaka yao, na wanampenda mfalme wao.

Mwalimu akitaka kuuweka mchezo huu kando ya wa kwetu, Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliotoka mwaka 1969, ndio unaofaa kwanza. Huko nako mtu anafungwa na neno. Kinjeketile anatoa neno la maji, neno linakua kumpita, na mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kulikana ingawa kulikana kungemfaa. Mwanafunzi aliyezoea kutafuta dosari atasema kwamba alikuwa mwongo au mjinga. Aulizwe basi kama angekubali kuwaambia watoto wa wapiganaji kwamba baba zao walikufa bure. Tofauti ya michezo hii miwili ni kubwa, kwani utabiri wa Delphi unatoka nje ya Oedipus ilhali la Kinjeketile limepita kinywani mwake mwenyewe. Lakini katika yote miwili swali la nani alaumiwe linafika mahali likakoma kuwa na maana, na anayebaki mbele yetu ni mtu na kile alichoamua kukibeba.

Kwa ajili hiyo ningeshauri kwamba mtihani wa mwisho wa somo usiulize dosari za mhusika. Uchukue mahali pamoja tu, karibu na mwisho, Oedipus anapotoka nje akiwa amekwisha jitoboa macho kwa vifungo vya vazi la Jocasta. Wazee wanamwuliza ni mungu gani aliyemsukuma. Anajibu kwamba aliyeyaleta mateso haya ni Apollo, ila mkono uliopiga ulikuwa wake mwenyewe na si wa mwingine. Wanafunzi waulizwe kwa nini hakutosheka na nusu ya kwanza ya jibu hilo, ambayo ingemwondolea lawama yote. Wapewe saa nzima, na karatasi za kutosha.