Mshipi, Mwezi na Maji

Watu wa Unguja tangu zamani hupata kitoweo chao baharini. Katika diko la Malindi, kando ya Mji Mkongwe, vyombo hurudi na samaki, nao hunadiwa hata apatikane mwenye kuzidisha bei. Namna za kuvua ni nyingi: kwa dema, kwa wavu, kwa uzio, na kwa mshipi. Vyombo vya mvuvi wa mshipi ni vichache: uzi wenye nguvu, ndoana, chambo, na kipande cha risasi kiitwacho chubwi. Lakini vyombo vikiwa vichache, maarifa hayana budi kuwa mengi.

Jambo la kwanza ni kujua mwendo wa maji. Mwezi na jua huyavuta maji ya bahari, na kwa sababu hiyo hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Ndiyo maana saa ya kujaa kesho si ile ya leo, bali huchelewa. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja. Huo ndio wakati wa bamvua, na bahari ya Unguja hupanda na kushuka kadiri ya mita 4. Siku hizo maji hupwa sana karibu na saa nne au saa tano za asubuhi, hata wanawake wa Paje na Jambiani huweza kutembea mbali mwambani kutafuta pweza. Lakini mwezi uwapo nusu, jua huvuta huku na mwezi huvuta kule. Basi maji husogea kidogo tu, nayo huitwa maji mafu.

Mambo haya yamhusu sana mvuvi wa mshipi. Mkondo ukiwa mkali, mshipi huchukuliwa mbali, na ndoana haifiki chini waliko changu na chewa. Maji yakisimama kabisa, mara nyingi samaki hawali, maana mkondo hauwaletei chakula. Basi mvuvi hodari hutafuta wakati ulio katikati, maji yanapoanza kwenda wala hayajapata nguvu.

Jambo la pili ni kujua mahali. Bahari haina njia wala mawe ya mpaka, na mwamba wenye samaki hauonekani juu ya maji. Basi mvuvi hutazama nchi kavu. Akiona mnazi mrefu umesimama sawasawa mbele ya paa la msikiti, ajua ya kuwa yu katika mstari mmoja. Kisha hutazama upande mwingine, apate alama mbili nyingine zilizopangana vivyo hivyo. Pale mistari miwili inapokutana ndipo atiapo nanga. Baba humfundisha mwanawe alama hizo, na mwana huzihifadhi moyoni.

Jambo la tatu ni kujua tabia za samaki. Changu hukaa karibu na chini, naye huvutwa kwa harufu. Hupewa kipande cha ngisi au cha samaki. Nguru na jodari si hivyo. Hao hukimbiza samaki wadogo katika maji ya juu, nao hutumia macho. Kwa hiyo mvuvi hurambaza: chombo huenda kwa tanga, na mshipi hukokotwa nyuma ukiwa na samaki mdogo, au hata na kitu cheupe kingʼaacho tu. Nguru hudhani ni samaki akimbiaye, akamrukia.

Hila kama hiyo yatumika pia katika mito ya mbali. Mwaka 1905 mayai ya samaki aitwaye trauti yaliletwa kutoka Uskochi na kutiwa katika mto Gura, ushukao kutoka milima ya Aberdare katika nchi ya Kenya. Trauti hutaka maji ya baridi yaendayo kasi, kwa hiyo hawezi kuishi katika vijito vya Unguja. Mvuvi wake hufunga manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo, ifanane na mdudu, kisha huitupa kwa ufito mrefu. Lakini hapo ndipo zilipo tofauti. Nguru hufuata kinachokimbia. Trauti huelekea mkondo na kungoja wadudu waletwao na maji. Mdudu wa uongo akikokotwa, mara nyingi trauti humkataa.

Huko Marekani, katika mto Colorado, bwawa la Glen Canyon lilianza kuzuia maji mwaka 1963. Maji yatokayo chini ya bwawa ni ya baridi, na trauti walipotiwa humo wakastawi. Maji ya hapo hupanda na kushuka kwa kadiri watu wanavyohitaji umeme. Basi mvuvi wa huko huuliza habari za bwawa, kama vile mvuvi wa Unguja atazamavyo mwezi.

Lakini maarifa hayo yote hayafai kitu kama mwamba umeharibika. Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana, na jiwe la tumbawe lililo zito huongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Jiwe lenye kimo cha mita 1 ni kazi ya miaka 100. Juya likikokotwa juu yake, au baruti ikilipuliwa, jiwe huvunjika mara moja, na samaki wadogo hupotewa na nyumba yao. Kwa sababu hiyo Serikali ya Zanzibar ilikataza uvuvi katika mwamba wa magharibi wa kisiwa cha Chumbe mwaka 1994, na baadhi ya waliokuwa wavuvi wakawa walinzi wake. Samaki wakizaliana pale kwa amani, wengine hutoka wakaenda kwenye maji ya wavuvi.

Mvuvi wa mshipi huvua samaki mmoja mmoja, na aliye mchanga aweza kumrudisha majini akiwa hai. Huenda akarudi na kikapu chepesi kuliko mwenye juya. Lakini maji yakijaa hupwa, na yakipwa hujaa tena. Mwamba uliovunjwa haurudi kwa bamvua lijalo. Atunzaye mwamba leo amwekea mwanawe kitoweo.