Kwa nini wapiga picha wengine hufungua nusu ya lenzi?

Ukitaka kusogeza kitu karibu kwenye simu, unatanua vidole viwili juu ya kioo. Kamera kubwa za filamu, zile zinazosimama kwa miguu mitatu, hazina njia hiyo. Baadhi ya wapiga picha hufungua nusu ya lenzi na kuiweka pembeni.

Inawezekanaje?

Lenzi hizo zina makundi mawili ya vioo: moja mbele ya tundu la kupitisha mwanga, jingine nyuma yake. Yakiwa pamoja hupinda mwanga kwa nguvu. Ukitoa la mbele, lililobaki huupinda kidogo, picha huundwa mbali zaidi na vitu huonekana vikubwa. Kwa mfano, lenzi ya zamani ya Symmar ya milimita 150, kutoka Ujerumani, hugeuka kuwa ya milimita 265.

Hasara zake

Kwanza, kamera lazima iweze kurefushwa vya kutosha. Pili, mwanga hupungua: kwa lenzi hiyo, tundu likibaki vilevile, filamu huhitaji muda wa zaidi ya mara 4. Tatu, makundi hayo mawili hurekebishana makosa. Moja likibaki peke yake, picha hufifia, hasa pembeni.

Dawa ni kubana tundu, na kwa filamu nyeusi na nyeupe, kuweka kichujio cha manjano. Lakini ukibana tundu, mahali picha inapokuwa kali husogea. Kwa hiyo rekebisha ukali baada ya kubana, si kabla. Ukisahau, karatasi ya filamu imepotea.

Nafasi moja tu

Mwaka 1941, Ansel Adams wa Marekani aliona mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, na misalaba ya makaburini ikimulikwa na jua la jioni. Alitumia sehemu moja ya lenzi yake ya Cooke. Kipima mwanga hakukiona, akakadiria kwa mwangaza wa mwezi. Alipiga mara moja. Alipojiandaa kurudia, jua lilikuwa limeiacha misalaba. Picha hiyo moja ni miongoni mwa zile zinazojulikana zaidi duniani.

Na simu yako?

Mara nyingi, kutanua vidole hakubadilishi lenzi. Simu hukata kipande cha picha na kukikuza, ndiyo maana huharibika. Ukiweza, sogea karibu kwa miguu.