JIMU YA MTAANI: MTEJA HAKWAMBII KWAMBA BENCHI LINANUKA, ANAACHA TU KUJA

Leo naongea na wenzangu wenye jimu ndogo hapa Katavi: Makanyagio, Kawajense, Majengo, mpaka wenzetu wa Inyonga na Karema. Na wewe mwenye saluni au meza ya puli usipite, maana mambo ni yaleyale: kifaa kimoja, watu wengi.

Jimu zetu tunazijua. Banda la bati au chumba kimoja cha fremu, mabenchi mawili, vyuma vichache vya dukani na vingine vya kumimina zege kwenye makopo ya rangi. Yangu ni ya aina hiyohiyo. Hakuna aibu, misuli haiulizi kama kilo 20 ni za chuma au za saruji. Kinachofukuza wateja siyo saruji. Ni jasho la mtu mwingine.

Fikiria benchi moja saa kumi na mbili jioni. Analilalia mchimbaji aliyetoka machimboni, anafuata kijana wa bodaboda, anafuata mwalimu, halafu mama aliyeambiwa hospitali afanye mazoezi kwa sababu ya sukari. Wote mgongo wao palepale. Yule wa nne akikuta benchi lina maji maji ya mtu, hasemi kitu. Anaona aibu. Kesho haji.

Sasa piga hesabu. Tuseme unatoza 1,000 kwa siku na mteja anakuja mara 3 kwa wiki. Kwa wiki 4 ni 12,000. Wakiondoka watatu kimyakimya, mwezi huo umepoteza 36,000. Ukikutana nao sokoni watakwambia "kazi zimebana". Hutaijua sababu.

KINACHOAMBUKIZA NI NINI?

Jasho lenyewe siyo ugonjwa. Shida ni vinavyokaa kwenye ngozi na kubaki kwenye kifaa. Kuna bakteria wanaitwa Staphylococcus aureus, wasababishaji wakubwa wa majipu. Watu wengi wanatembea nao puani na kwenye ngozi bila kuumwa. Wakibaki kwenye kifaa, hata kikiwa kikavu, wanaweza kuishi siku kadhaa mpaka wiki. Mwenye mchubuko akigusa hapo, wameshapata mlango.

Fangasi nao, wale wa mashilingi na wa katikati ya vidole, wanapenda unyevunyevu: mkeka usiokauka, kitambaa kilichokunjwa kibichi, ndala za kuazimana bafuni. Na tusisahau, Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wawili wa Mpox nchini. Huo unaenea kwa kugusana ngozi, na pia kwa vitu alivyotumia mgonjwa. Siyo sababu ya kufunga jimu. Ni sababu ya kufuta benchi.

MAMBO YA KUFANYA, YOTE YA BEI NDOGO

1. Kila mtu na taulo lake. Kanga au kitenge pia ni sawa. Litandikwe pale anapolala, siyo kuning'inia shingoni tu. Wewe usiweke taulo la jimu la kuazimisha, hilo ndilo litakalozungusha fangasi kwa watu wote.

2. Chupa na kitambaa viwe jirani na mkono. Hapa ndipo wengi tunapokwama. Tunabandika karatasi "FUTA BENCHI BAADA YA KUTUMIA", lakini kitambaa kiko kaunta. Hakuna mtu anayehema atakayetembea kukifuata. Funga kitambaa kwa kamba kwenye kila benchi, weka na chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni. Vitambaa viwe vya rangi mbili: kimoja cha mabenchi, kingine cha vyuma. Cha sakafuni kikae mbali kabisa na hivyo. Vyote vifuliwe kila siku na kuanikwa juani. Jua la hapa kwetu kiangazi ni la bure, litumie.

3. Dawa ni mwisho wa siku, na ina utaratibu. Kwanza sabuni, ndipo dawa. Ukimwaga dawa ya klorini juu ya vumbi na jasho, uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwa vijidudu. Kama chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, weka mililita 30 kwenye lita 1 ya maji. Huna kipimo? Chukua kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi chenye mistari, pima mililita 10 mara tatu, na kisirudi tena kwenye dawa za watoto. Pakaa, acha dakika 10, halafu futa kwa maji safi na kausha.

Tahadhari tatu. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya choo wala spiriti, inaweza kutoa hewa ya sumu. Usitengeneze leo ukatumia wiki ijayo, nguvu yake inapungua, tengeneza ya siku hiyo. Na klorini inakula chuma, kwa hiyo kwenye vyuma tumia sabuni na ukaushe vizuri, au spiriti ya asilimia 70 mbali na moto.

4. Ziba panapoingiza jasho. Benchi likichanika, jasho linazama kwenye sponji, na sponji huwezi kuisafisha hata uiloweke. Mpelekee fundi anayeshona viti vya bodaboda, ngozi ile ile ya viti inafaa na inafutika. Vyuma vya zege vipake rangi ya mafuta, maana zege tupu ina vitundu vinavyokamata uchafu. Mahali pa kushika usizungushie kitambaa. Zungushia tyubu ya baiskeli, hiyo haifyonzi jasho na inafutika mara moja.

5. Mikono na maji ya kunywa. Zile ndoo za koki tulizonunua mwaka 2020 wakati wa Korona, nyingi zimegeuka za kuhifadhia unga. Irudishe moja mlangoni na sabuni. Mtu anawe akiingia, anawe akitoka. Maji ya kunywa kila mtu aje na chupa yake. Kile kikombe kimoja cha plastiki kinachopita midomo ya watu 20, kitoe leo.

6. Viatu. Kiangazi tuna vumbi jekundu, masika tuna tope. Weka gunia au mkeka mgumu wa kujifutia nje, na waombe wateja waje na raba za kubadilisha. Mikeka ya kulalia isikanyagwe na viatu.

7. Vidonda vifunikwe. Mwenye kidonda kibichi, jipu au vipele asivyovijua apumzike kwanza, aende zahanati. Mrudishie siku zake alizolipia. Utaona atakavyokusifia mtaani.

USTAARABU NI SEHEMU YA USAFI

Jimu yenye mabenchi mawili haiwezi kuwa na mtu anayekaa juu ya benchi anachati. Sheria yangu: ukipumzika, nyanyuka, mwingine apige seti yake. Mnapokezana. Na kwa sababu mnapokezana, kila mmoja anafuta kabla ya kumpisha mwenzake, inachukua sekunde kumi tu.

Vyuma virudishwe mahali pake, vizito chini. Aliyeacha kilo 20 sakafuni amemwekea mtego mwenzake. Kutema mate ni nje, siyo dirishani. Kupiga picha au video sharti uwaulize waliopo nyuma yako. Na vijana wangu, dada akiwa anafanya mazoezi hahitaji mwalimu wa pembeni wala wa kumkodolea macho. Akitaka msaada ataomba. Jimu ambayo wanawake wanajisikia salama inapata wateja ambao jirani yako hana.

UNAMWAMBIAJE MTU BILA KUMPOTEZA?

Hapa ndipo kuna kazi. Ukimfokea mbele za watu umempoteza, ukinyamaza unawapoteza wengine. Sema sheria siku ya kwanza anapojiandikisha, kabla hajalipa, ili baadaye asione unamwandama yeye.

Kijana akisahau, chukua kitambaa wewe, mpe mkononi: "Kaka, tumpishe mwenzetu pakavu." Basi, hotuba haihitajiki. Akiwa ni mtu mzima, heshima inatangulia: "Shikamoo mzee. Tunaomba tukuwekee kanga hapa, benchi lisikuchafulie shati." Umemwambia ukweli na hujamvunjia heshima. Kuhusu harufu ya mwili, mwite pembeni, ongea naye peke yake, kwa sauti ya chini, na uwe na ndoo ya maji ya kuoga ya kumwonyesha. Mtu aliyetoka machimboni hana kosa la kunuka kazi, ila anahitaji pa kunawia.

Na wewe mwenye jimu, ukipiga tizi pale futa benchi lako kila mara. Wateja hawasomi karatasi ukutani, wanakuangalia wewe.

Ukiwa na shaka, muite afisa afya wa kata yako aje aone kabla hajaja kwa malalamiko ya mtu. Atakuelekeza choo, maji na hewa viweje.

Kesho asubuhi kabla hujafungua, fanya jambo moja tu: lala kwenye benchi lako mwenyewe, geuza uso, vuta pumzi. Hiyo ndiyo harufu anayoilipia mteja wako.

Wewe jimu yako ina mabenchi mangapi, na mnafutaje? Andika hapo chini tujifunze. Mtumie na mwenzako mwenye jimu.