Makumbusho ya mlima yanayompa mkulima soko

Mtalii akishashuka mlimani, fedha yake inabaki wapi? Wakulima wa milimani wangefaa kuliuliza swali hilo huko Juval, ngome ya kale juu ya kilima katika bonde la Vinschgau, kaskazini mwa Italia.

Aliyeinunua ngome hiyo ni Reinhold Messner, aliyefika kilele cha Everest mwaka 1978 na mwenzake Peter Habeler bila mitungi ya oksijeni. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa kwetu, akiparamia ukuta wa Breach wa Kilimanjaro. Ngome aliinunua mwaka 1983, na mwaka 1995 akaifanya makumbusho, ya kwanza kati ya sita alizofungua hadi 2015. Nyingine inahusu barafu, nyingine miamba, na ile ya Bruneck inaonyesha maisha ya watu wa milimani.

Juval wageni hutazama vinyago vya mabara mbalimbali na vitu vya Tibet. Lakini kwa mchumi wa kilimo, hesabu iko mteremkoni. Pale pana shamba la zabibu za divai, na jingine la mifugo. Chini, karibu na barabara kuu, lipo duka la wakulima wa bonde hilo: tufaha, jamu, jibini, nyama iliyokaushwa. Aliyekuja kuona vinyago anaondoka na kikapu, na mkulima hakupitia kwa mlanguzi.

Jimbo hilo pia lina sheria ya kuzuia mashamba yaliyosajiliwa yasikatwe vipande. Mtoto mmoja hurithi, ndugu zake hulipwa fidia. Ni sheria kali, nami siipigii debe, maana fidia ya shamba inaweza kumtia mrithi madeni. Ila shamba hubaki na ukubwa wa kuzalisha bidhaa ya kutosha duka.

Marangu nako kuna lango la mlima, makumbusho ya Wachagga na kahawa chini ya migomba. Kihamba lakini kinapungua kila baba anapowagawia wanawe, na kahawa nyingi huuzwa ikiwa ya maganda, kabla haijakaangwa.

Kihamba kimoja hakiwezi kujaza rafu za duka. Vihamba ishirini katika kikundi kimoja vinaweza, wakianza na mashine ndogo ya kukaangia, mifuko yenye jina la kijiji na alama ya TBS. Meza ya kuuzia iwekwe pale wageni wanapoteremkia, si sokoni ambako hawafiki.