Nguo ya Sikukuu Yasema Nini?

Kila yanapokaribia majira ya arusi na ya Komunyo ya kwanza, swali moja huingia nyumbani mwetu: tutavaa nini? Tusilidharau swali hilo. Anayevaa vizuri siku ya furaha ya mwenzake amheshimu mwenzake. Lakini tujiulize pia: nguo yetu itasema nini juu ya nyumba yetu?

Maana kikwembe husema. Waholanzi walijifunza kwa watu wa Java namna ya kutia kitambaa rangi kwa nta, wakaifanya kazi hiyo kwa mashine. Kiwanda cha Vlisco mjini Helmond kilianza mwaka 1846. Nguo zilipofika Afrika, akina mama walizipa majina yao wenyewe. Moja huitwa «Mume wangu anaweza». Nyingine «Buji sita», yaani mwenye kuivaa ana motokari ya nguvu.

Sasa tusimulie tuliyoyaona. Katika arusi moja ya mtaani kwetu, jamaa walichagua kikwembe kimoja kwa wote, tena cha bei kubwa. Mama mkubwa wa bibi arusi, aliyemlea tangu utoto, hakuweza kukinunua. Aliona haya, akabaki nyumbani. Wakati wa karamu bibi arusi aliuliza: «Mama yuko wapi?» Hakuna aliyejibu. Nguo zote zilifanana siku ile, lakini kiti kimoja kilikuwa kitupu.

Je, tuache kupendeza? Hasha! Tuchague kwa akili. Yadi 6, yaani mita 5 na nusu hivi, zatosha vazi kamili la mama: yadi 2 kwa blauzi, na 4 kwa vikwembe viwili, cha kuvaa na cha kujifunga juu yake. Kabla ya kulipa, geuza kitambaa. Kikwembe cha nta halisi kina rangi kali pande zote mbili. Kile cha kuigiza hufifia upande wa nyuma. Muuzaji asiyekubali kukifunua, mwache.

Kama picha ya kitambaa ni kubwa, mshono uwe wa kawaida, na picha ikae nzima kifuani au mgongoni. Mwonyeshe fundi mahali pake kabla hajashika mkasi. Kama picha ni ndogo, hapo mikono ya kufura na shingo ya mapambo vitaonekana vizuri. Wasichana wanaokua waachiwe pindo pana na nafasi ndani ya mishono, ili gauni la mwaka huu lifae na mwaka ujao. Nguo ifuliwe kwa maji baridi, ianikwe kivulini, ipigwe pasi upande wa ndani. Vazi moja lililotunzwa hivyo litakwenda arusi nyingi, wala halitaona haya.

Na jamaa wanaotaka kufanana wafanyeje? Wachague kitambaa cha kichwa tu. Kipande kimoja cha yadi 6, kikikatwa nusu yadi nusu yadi, chatosha vichwa 12. Kila mama avae nguo yake nzuri aliyo nayo, na kichwani wote wawe ndugu. Hivyo hata mjane ataingia karamuni bila deni.

Akina baba nao wasicheke, maana wako wanaokopa ili kununua suti ya siku moja. Wazee wakumbuka kwamba tangu miaka ya mwanzo ya 1970 hata mwaka 1990 serikali ya Mobutu ilikataza tai, na wanaume walivaa abakosti. Watu walioa, wakalea watoto, na hakuna ndoa iliyopungukiwa kwa kukosa tai.

Wahenga walinena: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nguo ya deni ni ndugu yake, kwa kuwa sikukuu hupita na mdai hubaki mlangoni. Enyi wazazi, kabla ya kuchagua kikwembe cha arusi, mkumbukeni kwanza yule aliye maskini kuliko wote katika jamaa yenu. Akiweza yeye kukivaa, mmechagua vema. Nguo yenu itasema: hapa hakuna aliyeachwa nje.