Vitambuzi vya Moto Visivyo na Waya Chini ya Paa la Makuti

Katika ufuo wa Diani, Kaunti ya Kwale, hoteli na nyumba nyingi za wageni zimeezekwa kwa makuti ya mnazi, ambayo hupoza nyumba na kupendeza macho, lakini yakishakauka hushika moto upesi, na upepo wa kaskazi au wa kusi huweza kurusha cheche kutoka banda hadi banda kabla gari la zimamoto halijafika. Kwa sababu hiyo, teknolojia ya kutambua moto bila waya, inayozidi kuenea katika majengo erevu, yaani yale ambayo taa, viyoyozi na ving'ora vyake huendeshwa kwa mtandao mmoja wa kompyuta, ina maana ya pekee kwa Pwani ya Kusini.

Katika mfumo huo, kila kitambuzi, yaani kifaa kinachohisi moshi, joto au vyote viwili, hutumia betri na kupeleka taarifa kwa mawimbi ya redio hadi paneli kuu, ambayo huonyesha chumba chenye hatari na kuliza ving'ora. Katika baadhi ya mifumo mipya vifaa hupokezana ujumbe, hivi kwamba njia moja ikikatika, taarifa hupitia kifaa kingine. Hoteli yenye vibanda vilivyotawanyika bustanini huepushwa kuchimba mitaro ya nyaya na kutoboa kuta za mawe ya matumbawe. Kuhusu betri, kiwango cha Ulaya cha EN 54-25 hudai idumu angalau miezi 36.

Hata hivyo, chini ya paa refu la makuti lililo wazi pande zote, upepo wa bahari hutawanya moshi kabla haujakifikia kitambuzi cha kawaida, ambacho hungoja moshi uingie ndani yake. Hapo hufaa zaidi kifaa kinachotambua mwanga wa miali ya moto kutoka mbali. Hewa ya chumvi nayo hula viungio vya betri, na mdudu akiingia ndani ya kitambuzi huweza kuliza king'ora bure, hadi wafanyakazi wakakizoea na kukipuuza. Vitambuzi vinavyolinganisha moshi na joto kabla ya kutoa tahadhari hupunguza kasoro hiyo.

Lakini kutambua moto peke yake hakutoshi: kanuni za Kenya za kupunguza hatari ya moto katika sehemu za kazi, za mwaka 2007, hudai pia vikosi vya kuzima moto na mazoezi ya kila mwaka. Kwa hiyo mwenye hoteli anayepanga bajeti ya vitambuzi, awe Diani au Msambweni, hana budi kupanga pia bajeti ya tangi la maji, pampu, na walinzi wa zamu ya usiku waliofunzwa kuitumia.